Likizo ya Agosti Nairobi: mwaka huu tulimtoa mama jikoni (uzi mrefu)

#1 Mwanzisha uzi, Umoja

Wadau, hamjambo. Shule zinakaribia kufunguliwa na najua wengi wenu mmetoka kwenye wiki kama yetu: wageni, sherehe, matembezi, watoto kila kona ya nyumba. Nimeahidi ndugu zangu nitaiandika yetu kabla sijaisahau. Aliye na haraka aruke mpaka Alhamisi, maana mambo yote tuliyoyapanga yalikuwa ya kutufikisha Alhamisi.

Hali ilikuwa hivi. Kaka yangu anaishi Leicester, Uingereza. Kule watoto wakifunga shule wana wiki 6 za likizo ya kiangazi, na mwaka huu akasema lazima waje wamwone susu wao (sisi ni Wakamba, nyanya kwetu ni susu). Wakati huohuo dada yetu mdogo alikuwa analetewa wageni wa kujitambulisha, yaani upande wa mchumba wake kuja rasmi nyumbani kwa mara ya kwanza. Na kitinda mimba wangu alikuwa anatimiza miaka 9. Yote hayo ndani ya wiki moja, nyumba ya vyumba vitatu, watu 11 wa kulala.

Nikaikumbuka miaka iliyopita. Kila Agosti na kila Desemba kwetu kuna kikundi kinachotoka na kikundi kinachobaki. Wanaotoka ni watoto, wanaume na wageni. Wanaobaki ni mama, pamoja na binti ambaye zamu imemwangukia. Wale wa matembezi wakirudi jioni wanakuta chakula cha moto, wanamwonyesha picha kwenye simu, naye anasema "kweli ni kuzuri", kisha anauliza nani hajakula.

Mama aliingia Nairobi mwaka 1973 akiwa bibi arusi, mwaka uleule jengo la mikutano la KICC lilipokamilika. Husimulia alivyosimama barabarani akihesabu ghorofa na kupotea kabla ya kufika ishirini (ziko 28). Ameuza mboga kwa zaidi ya miaka 30, anazifuata soko la Marikiti alfajiri na kurudi nazo mtaani. Watoto sita tumesoma kwa mboga hizo. Shule zetu zilitupeleka Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, mmoja baada ya mwingine, na kila safari yeye ndiye aliyeamka usiku akachemsha mayai na kufunga chapati kwenye karatasi.

Basi mwezi Julai nilimpigia simu tukawa tunapanga mambo ya wageni, nikamuuliza tu: "Mama, wewe simba umewahi kumwona?" Akanyamaza kidogo. "Nimewaona kwa televisheni."

Mbuga ile iko tangu 1946, ndiyo ya kwanza kabisa nchini, na wenyeji wa South C wanakaa ukutani mwake. Yeye amekuwa mjini miaka hamsini na zaidi. Sikulala vizuri usiku huo.

Tukakutana ndugu wote sita kwenye simu na tukakubaliana. Jumamosi ya wageni apikie mpishi wa kulipwa na wasaidizi wake wawili. Vyombo waoshe wanaume na vijana. Jumatatu hakuna mgeni, hakuna safari. Alhamisi twende mbugani, mama akiwa mgeni wa heshima, na nyumbani asibaki mtu hata mmoja wa kupika. Chakula cha siku hiyo wakitayarishe wajukuu.

Shangazi yetu alipopata habari za mpishi alinuna. Kwake yeye, nyumba inayoposwa ikikodi mpishi ni kama imetangaza kwamba haina wanawake. Namheshimu sana shangazi na nilimsikiliza mpaka mwisho. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia mwaka juzi kwamba magoti hayamruhusu tena kusimama mekoni. Sisi wanawake wa nyumba hii tupo. Tumechoka tu, na mtu aliyechoka si aibu ya nyumba.

Jumamosi. Waliotukodishia hema walichelewa masaa manne, wageni wakiwa tayari karibu, barabara ya Outer Ring Road. Mabomba nayo yalikuwa makavu, tukanunua mitungi 20 ya maji kwa mkokoteni. Hayo yalipita. Ninalotaka kuwaeleza ni la alfajiri.

Niliamka saa kumi na moja nikakuta taa ya jikoni inawaka. Mama ameketi kwenye kigoda, leso kiunoni, beseni la unga wa chapati katikati ya miguu. Mama hapimi maji. Huyamimina kwa kiganja, anakanda, anabonyeza donge kwa kidole gumba, anangoja alione linavyorudi, kisha ndipo anajua kama liongezewe. Alikuwa anasukuma, anapaka mafuta kwa mgongo wa kijiko, anaviringisha kama konokono, anaweka kando chini ya kitambaa. Nikamwambia, "Mama, tulikubaliana."

"Najua tulikubaliana," akasema. "Hizi ni ishirini tu. Ni za yule kijana na wazazi wake. Nataka wajue wanaoa wapi."

Sikuwa na neno. Nilivuta ndoo nikaketi, nikawa nageuza yeye akisukuma, na hatukuongea sana. Ilipotimia ya ishirini akafunika sahani, akafungua leso, akaikunja, akaenda kuoga. Mpishi alipofika saa moja mama alishakaa sebuleni na kitambaa chake cha kichwa cha bluu, na hakurudi jikoni siku hiyo.

Pilau kilo 8, mbuzi wawili kutoka machinjio ya Kiamaiko, kachumbari ya kutosha. Wageni walikuwa 43, mazungumzo yalikwenda vizuri, na babake yule kijana alikula chapati tatu akauliza nani amezipika. Baada ya hapo nikaona jambo sijawahi kuliona nyumbani kwetu: kaka yangu, baba watoto na shemeji wamevua saa za mkononi, wamekunja mikono ya shati, wanasugua sufuria za pilau kwa stilwuli nyuma ya nyumba. Walimaliza saa tatu usiku.

Jumapili ilikuwa kanisa na usingizi. Jumatatu hatukutoka, na nawasihi mpangapo wiki ya namna hii msiiruke siku ya kukaa. Watoto wa Leicester walishinda wamejifunika blanketi. Walikuja na kaptura na miwani ya jua! Hawakujua kwamba Nairobi, ingawa Ikweta iko karibu, iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na Agosti ni mwezi wa sweta. Susu wao aliwanunulia makabuti ya mtumba soko la Gikomba.

Jumanne tulikwenda Makumbusho ya Taifa. Mama alikuwa na hamu na Ahmed, yule ndovu wa Marsabit mwenye pembe za kugusa ardhi, ambaye Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970. Ndovu huyo alipokufa 1974 mama alikuwa na mwaka mmoja tu mjini na anakumbuka habari zake redioni. Sanamu yake imesimama pale uani kwa ukubwa wake wenyewe. Mama aliizunguka mara mbili.

Kisha tukaingia kwa Mvulana wa Turkana. Ni mifupa ya mtoto aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, iliyopatikana Nariokotome mwaka 1984. Mtoto mkubwa wa kaka yangu akasema kwao pia wana mifupa: mfalme Richard III, aliyefukuliwa Leicester mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari. Wakaanza kulinganisha, huyu wa miaka mia tano na kitu, huyu wa milioni. Nikawaambia aliyeuona mfupa wa kwanza wa huyu wetu ni Kamoya Kimeu, mwana wa Makueni. Mama akageuka. "Wa kwetu?" Wa kwetu, mama. Akasogea karibu na kioo akakaa pale muda mrefu kuliko sisi sote.

Jumatano asubuhi tulitembea msitu wa Karura kidogo, mpaka kwenye maporomoko ya maji, ukungu haujaondoka. Niliwasimulia watoto jinsi Wangari Maathai na wenzake walivyopigwa mwaka 1999 wakiutetea msitu huo usigawanywe viwanja. Wangeshinda wale waliotaka kuugawa, tungekuwa tunatembea kati ya kuta za nyumba za watu. Jioni tukakata keki ya miaka 9.

Alhamisi. Usiku wa kuamkia, wajukuu walichemsha mayai 30. Mawili yalipasuka wakayala palepale. Walifunga chapati kwenye karatasi, wakaweka chumvi kwenye kikaratasi kidogo kilichokunjwa, jinsi mama alivyokuwa akitufungia sisi. Hakuna aliyewafundisha. Nadhani walisikia nikisimulia.

Tulikodi gari la watu 14 lenye paa la kuinuliwa, tukatoka saa kumi na moja kasoro ili tuwe langoni saa kumi na mbili linapofunguliwa. Malipo tulikuwa tumeshayafanya kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, maana langoni hawapokei noti. Mama aliketi mbele, nyuma ya dereva. Alivaa viatu vya kanisani.

Wa kwanza walikuwa swala, halafu pundamilia, halafu twiga watatu na nyuma yao maghorofa ya mjini yanatokeza kwenye ukungu. Watoto wanapiga kelele, simu zote ziko juu. Mama alikuwa kimya. Mbele kidogo dereva akazima injini. Kifaru na ndama wake walikuwa wanakula majani kama mita 30 kutoka barabarani, na ukiwa umenyamaza ulisikia nyasi zinavyokatika. Mama akataja jina lake kwa Kikamba, jina alilolisikia kwa babake, ambalo mimi sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Akalirudia ili watoto walishike. Wale wa Leicester wakalisema pia.

Simba tuliwaona saa mbili. Majike wawili, kwenye nyasi, masikio tu. Mmoja akasimama, akajinyoosha, akapita mbele ya gari polepole bila kututazama. Mama alikuwa amesimama ameshika chuma cha paa kwa mikono miwili. Simba alipopotea kwenye vichaka mama akasema: "Kumbe televisheni inawapunguza."

Kitinda mimba aliuliza ndovu wako wapi. Humu ndani hawapo ndovu wa kuzurura, na dereva akaeleza vizuri: mbuga ni kilomita 117 za mraba tu, imezungushiwa ua pande tatu, iko wazi upande wa kusini kuelekea Kitengela. Ndovu anataka nchi kubwa kuliko hiyo. Ndipo tukafika pale pembe za ndovu zilipochomwa. Mwaka 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12, na mwaka 2016 zikachomwa tani 105. Majivu bado yapo. Ni moja ya sehemu unazoruhusiwa kushuka garini, na hapo ndipo tulipokula.

Mtoto mdogo wa kaka yangu, ana miaka 7, alimenya yai, akalichovya kwenye chumvi, akampelekea susu wake kwa mikono miwili. Mama akalipokea. Akatuangalia sisi sita, mmoja mmoja, kisha akala. Juu kwa mbali treni ya kuelekea Naivasha ilikuwa inapita kwenye lile daraja refu, watoto wakakimbia kuipungia.

Ijumaa mama alikataa kutoka. Alilala mpaka saa tatu asubuhi, jambo ambalo sijapata kuliona maishani mwangu.

Nawakaribisha mtueleze: kwenu nani hubaki nyumbani?

#2 Mchangiaji, South C

Mwanzisha uzi, umenitoa machozi. Kwetu ni hivihivi. Idi ikifika nyumba inajaa, biriani, mahamri, vitumbua, na mama mkwe hutoka jikoni kusalimia tu. Mwaka huu harusi ya binamu iliangukia likizo ya watoto, nikahesabu siku nne mfululizo sijaketi mezani na wanangu. Nilimwambia mume wangu waziwazi. Hakujua. Si kwamba hakujali, hakujua, kwa sababu chakula hutokea tu. Sasa vyombo vya usiku ni vyake na vijana.

Swali: mpishi mlipatana vipi? Kwa siku au kwa idadi ya watu?

#3 Mwanzisha uzi

Dada, tulipatana kwa siku. Viungo, mchele na nyama tulinunua sisi, gesi yetu, sufuria kubwa tukaazima kwenye chama. Kwa njia hiyo mama alionja mchuzi mapema akasema chumvi iongezwe, na chakula kikabaki na ladha ya nyumbani. Mchango tuligawana ndugu sita kwa uwezo, si kwa usawa. Anayelipwa kidogo alitoa nguvu siku ile.

#4 Mchangiaji, Machakos

Nakupongeza kwa mbuga, mama anastahili. Ila la mpishi sikubaliani. Wageni wa kuposa hawaji kula pilau, wanakuja kuona nyumba ilivyo. Mkono wa kukodi haumwonyeshi mgeni chochote. Ni heri chakula kiwe kidogo na kitoke kwa wenyewe. Mila ikilegezwa leo kwa mpishi, kesho italegezwa kwa jambo kubwa zaidi.

#5 Mwanzisha uzi

Kaka, nimekusoma mara mbili kwa sababu una hoja. Hata mama anakuunga mkono nusu, ndiyo maana aliamka kupika zile ishirini. Lakini tazama kule kwetu: mbuzi wa sherehe huchinjwa na kuchomwa na wanaume, na hakuna aliyewahi kusema wanawake wamelegeza mila. Kazi iligawanywa tangu zamani. Huku mjini mgao ule ulipotea, mbuzi anakuja ameshachunwa kutoka Kiamaiko, na kazi ya wanaume ikaisha wakati ya wanawake imebaki ileile, tena kwenye jiko dogo la nyumba ya kupanga. Chakula kidogo cha wenyewe ninakikubali kabisa. Watu 43 si chakula kidogo.

#6 Mchangiaji, Rongai

Kwa mwenye kutaka ndovu: nenda kwenye kituo cha yatima cha Sheldrick, kiko upande huohuo wa mbuga. Hupokea wageni saa tano hadi saa sita mchana, na lazima uweke nafasi kabla. Wadogo wanaletwa kunywa maziwa kwa chupa. Wazee wanapapenda kwa sababu ni kusimama kidogo tu, hakuna kutembea mbali.

Na jamani, chupa za plastiki! Tangu Juni 2020 haziruhusiwi mbugani wala misituni. Nimeona familia inaacha katoni nzima ya maji langoni.

#7 Mwanzisha uzi

Asante. Sisi tulikuwa na chupa mbili za watoto zikabaki langoni. Chai ilikuwa kwenye chupa ya chai ya mama, ile yenye maua, na maji kwenye mtungi wa chuma.

#8 Mchangiaji, Kayole

Naomba niongezee wasio na hela ya kukodi gari, maana uzi huu unaweza kuwakatisha tamaa. Mimi ni baba wa wanne, kazi yangu ni ya kibarua. Tulienda Makumbusho ya Reli kwa matatu mpaka mjini kisha miguu. Lipo behewa ambalo mwaka 1900 simba aliingia usiku kule stesheni ya Kima akamtoa afisa wa polisi, Ryall. Wanangu waligusa dirisha lake na wakazungumza habari hiyo wiki nzima. Siku nyingine tukaenda Arboretum, miti ya tangu 1907, nyani wanapita, tukala viazi tulivyotoka navyo nyumbani. Mke wangu alilala kwenye majani masaa mawili na hakuna aliyemwamsha. Mimi ndiye niliyewaangalia watoto.

#9 Mwanzisha uzi

Kaka wa Kayole, asante sana kwa hilo la mwisho. Nimemsomea mama.

#10 Mchangiaji, South C

Mama amesema nini? Na Desemba mnafanyaje?

#11 Mwanzisha uzi

Alicheka, akasema huyo mke apewe mto siku nyingine. Halafu jana jioni alinipigia simu mwenyewe. Desemba itakuwa ushago, yaani kijijini, shughuli ya mbuzi za mahari ya dada yetu, na wapishi ni ukoo mzima, wanaume mekoni kwa upande wao. Kabla ya hapo, anasema, dereva alimwambia kuna mahali ndani ya mbuga ambapo unashuka na kutembea na askari mpaka mtoni kuangalia viboko. Hatukufika. Anataka Jumamosi ya mwanzo wa Novemba, mvua ikiruhusu, na amesema atavaa raba.